Kengele ya Somoe

Kila asubuhi Binti Tawakali aliketi kwenye mkeka nje ya nyumba yao, akakisikiliza kijiji cha Kinjumbi kikiamka.

Alikuwa haoni. Ukungu mweupe uliingia machoni mwake mwaka wa njaa, ule uliofuata vita vya Maji Maji. Lakini masikio yake yalikuwa mazima, na kwa masikio alijua mambo mengi. Alijua kama Kazija, mke wa mwanawe, anatwanga mtama au mahindi. Alijua kama mwanawe Ismaili ameamka vizuri au ameamka na kisirani. Alijua pia upepo unatoka pwani au bara, kwa jinsi minazi ilivyozungumza.

Kitu kimoja tu hakukijua. Hakujua Somoe yuko wapi.

Somoe alikuwa mjukuu wake, msichana wa miaka miwili na ushee. Baba yake, Salumu, alikuwa mtoto wa kwanza wa Binti Tawakali. Aliuawa vitani kabla Somoe hajazaliwa. Mama yake naye alichukuliwa na njaa. Basi mtoto alilelewa na bibi yake, na ami yake Ismaili, na Kazija.

Ismaili na Kazija walishinda shambani. Siku nyingine walipelekwa kulima pamba ya serikali ya Wadachi, yaani Wajerumani, na huko hakuna aliyeruhusiwa kubeba mtoto. Somoe alibaki na bibi. Mtoto yule alikuwa mwepesi, na mchanga wa Kinjumbi ni laini. Hatua zake hazikusikika. Sasa hivi yuko hapa anachezea ukili ambao bibi anausuka, mara hayupo.

Siku moja Kazija alirudi mapema kutoka shambani. Alipita kisimani, nyuma ya muhogo. Kisima kile kilikuwa kirefu na hakikuwa na ukingo. Somoe alikuwa ameketi pale pale mdomoni, miguu inaning'inia ndani. Alikuwa akitupa majani chini, moja moja, akiyatazama yanavyozunguka mpaka kwenye maji. Kazija hakuita. Alitambaa kwa tumbo kama nyoka, akamdaka mkono. Kisha akaketi chini na kulia kwa muda mrefu, naye Somoe akamfuta machozi kwa jani.

Baada ya hapo walijaribu kila walichoweza. Walimfunga Somoe kamba kiunoni. Alilia mpaka sauti ikamkauka, wakamfungua. Walizungushia kisima miiba, lakini majirani waliochota maji waliiacha wazi. Walimfunga mguuni kibuyu kidogo chenye mbegu ndani. Kililia vizuri siku mbili. Siku ya tatu Somoe alikipasua kwa jiwe ili aone nani anaimba humo.

Habari ya kisima ilifika mbali. Shangazi wa marehemu mama yake Somoe alikaa Mingoyo, safari ya siku nyingi kwa miguu. Alituma ujumbe. Alisema mtoto hawezi kulindwa na mtu asiyeona, na kwamba mtama ukishavunwa atakuja kumchukua.

Binti Tawakali alisikia ujumbe ule akamvuta Somoe mapajani. Somoe alikuwa na kicheko cha Salumu. Kilianzia puani, kikasita kidogo, ndipo kikatoka. Hicho ndicho kitu pekee cha Salumu kilichobaki duniani.

Ni Kazija aliyesema kwanza, "Mtoto huyu anataka kengele. Kengele ya shaba, ya kusikika mpaka kisimani."

"Shaba tutaitoa wapi?" Ismaili aliuliza.

Kazija aliingia ndani akatoka na pakacha. Shamba walilopewa mwaka ule lilikuwa mahali askari wa Wadachi walipopiga kambi wakati wa vita. Kila alipolima, jembe liligonga kitu. Yalikuwa maganda ya risasi, yameota ukungu wa kijani. Kazija aliyaokota moja moja bila kujua kwa nini. Alisema aliona vibaya kuyaacha yalale na mbegu.

Binti Tawakali aliomba apewe moja. Akalizungusha vidoleni. Lilikuwa baridi na jepesi.

"Ndiyo haya waliyompigia Salumu?" aliuliza.

"Ndiyo haya, mama," Ismaili alijibu.

Kabla hatujaendelea, ni vizuri ujue kitu kuhusu mama huyu. Alikuwa na desturi aliyorithi kwa mama yake. Kila kitu kilichoanza alikinyunyizia maji yenye unga wa mtama. Alinyunyizia mbegu, jembe jipya, na mlango wa nyumba mpya. Salumu alipokwenda kunywa dawa ya vita, waliambiwa kwamba risasi za Wadachi zitageuka maji. Asubuhi ya kuondoka, Binti Tawakali alimnyunyizia mwanawe kichwani kwa maji yake mwenyewe, juu ya yale ya dawa. Risasi hazikugeuka. Tangu siku hiyo aliota ndoto moja mchana, kila alipopitiwa na usingizi mkekani. Mvua ilinyesha, na kila tone lilikuwa la njano. Salumu alisimama katikati amekinga mikono, naye hakulowa.

Sasa tumrudie Ismaili. Ismaili aliwahi kumwona mfua shaba wa Kilwa Kivinje akiwa kazini, mara moja tu, kwa muda wa mtu kula embe. Akaona ameshajua. Alichimba udongo wa mtoni, akajenga tanuri nyuma ya nyumba kwa siku moja. Akafinyanga chungu kidogo cha kuyeyushia. Akafinyanga na kalibu, yaani umbo la udongo lenye uwazi ndani, ambamo shaba ikimiminwa hupata sura ya kengele. Vyote alivianika juani tangu asubuhi mpaka alasiri. Kesho yake akawasha moto.

Tanuri lilianza kupasuka mapema, lakini Ismaili alisema nyufa si neno. Kazija alivukuta mivukuto ya ngozi ya mbuzi kuchochea moto. Mwishowe maganda machache yakalainika, yakayeyuka ndani ya chungu.

Hapo Binti Tawakali akaja akipapasa ukuta, na kifuu cha maji mkononi. Aliuliza kalibu iko wapi. Ismaili aliona ni vibaya kumkatalia mama yake. Akamshika mkono, akamwelekeza. Mama akanyunyiza maji yenye unga juu ya kalibu na ndani ya tundu lake, akiomba kwa sauti ya chini. Kisha Kazija akamrudisha mkekani.

Ismaili akamimina shaba.

Kulitokea mlio mkali. Kalibu ikapasuka na shaba ikaruka pande zote. Tone moja lilimwangukia Ismaili juu ya mguu, likaingia nyamani. Kwa bahati hakuna aliyeumia macho. Kazija alimvuta kando, akamwagia mguu maji baridi ya mtungi mpaka mtungi ukaisha, akaenda kuchota mwingine.

Binti Tawakali alisikia yote. Alijua nini kimetokea kabla hajaambiwa. Aliomba kifuu chake, akakipasua kwa kisigino.

"Mikono yangu haina heri," alisema. "Nilimnyunyizia Salumu akafa. Nimekinyunyizia hiki kimemuunguza Ismaili. Mpelekeni mtoto Mingoyo."

Somoe alikuja akakaa mapajani mwake, akaanza kuokota vipande vya kifuu.

Kesho yake alikuja Mwahija. Mwahija alikuwa mfinyanzi, mjane wa makamo, na vyungu vyake vilipikiwa na nusu ya Kinjumbi. Yeye na ukoo wa Ismaili walikuwa watani. Kwa hiyo hakubisha hodi kwa upole. Alisimama mbele ya tanuri lililobomoka, akalizunguka mara mbili, akauliza ni kaburi la nani.

"Tulikuwa tunatengeneza kengele," Ismaili alisema. Alikuwa ameketi, mguu juu ya gogo.

"Mtani wangu, mlikuwa mnatengeneza bomu."

Alikaa chini, akataka aelezwe yote tangu mwanzo. Ismaili alieleza. Kazija alieleza pale Ismaili alipopunguza. Mwahija alitikisa kichwa mara nyingi. Marehemu mume wake alikuwa mfua shaba huko Kivinje, na kwa miaka kumi na mbili yeye ndiye aliyemfinyangia vyungu na kalibu zake.

Kisha aligeuka, akamwamkia Binti Tawakali kwa heshima. "Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mama, mikono yako haina kosa lolote. Nikueleze?"

"Nieleze."

"Umewahi kukaanga samaki, tone la maji likaanguka kwenye mafuta?"

"Mafuta huruka."

"Yanaruka kwa sababu maji yakikutana na moto mkubwa hugeuka mvuke papo hapo. Mvuke unataka nafasi, na nafasi hamna, basi unasukuma kila kilicho mbele yake. Shaba iliyoyeyuka ni moto kuliko mafuta mara nyingi. Angenyunyiza sultani wa Unguja, ingeruka vile vile. Hata kama hungenyunyiza, kalibu yenyewe ilikuwa mbichi. Mwanao aliianika kama dagaa, siku moja. Maji yalikuwemo ndani ya udongo."

Binti Tawakali aligusa vidole vyake kimoja kimoja. Halafu akauliza polepole, "Kwa hiyo si mimi?"

"Si wewe. Maji yana mahali pake. Mahali pake si ndani ya kalibu."

Mama akashusha pumzi. Kazija alisema baadaye kwamba hakuwahi kumsikia akishusha pumzi namna ile tangu vita.

Mtama ulikuwa umebakiza wiki chache kukomaa. Wakaanza upya, na safari hii Mwahija ndiye aliyekuwa fundi.

Kwanza alimwaga maganda yote mkekani, akayakagua moja moja. Aliwaonyesha kitako cha ganda. Lililokwisha pigwa lina kishimo kidogo katikati, na mdomo wake uko wazi. Lisilopigwa bado lina risasi mdomoni na baruti ndani. Alipofika kwenye maganda ya mwisho alisita. Yalikuwemo matatu mazima.

Ismaili aligeuka kumtafuta Somoe kwa macho. Juzi alichota maganda kwa kiganja bila kutazama, akayatia motoni. Somoe alikuwa hatua chache kutoka hapo.

Mwahija aliwaambia kitu kama hicho hakigongwi, hakichokonolewi, hakitiwi motoni, wala hakifichwi ndani ya nyumba. Ismaili alivifunga vile vitatu katika kitambaa, akaenda akichechemea mpaka kwa jumbe, mkuu wa kijiji. Jumbe alimuuliza maswali mengi, maana zilikuwa siku za watu kuogopana. Mwishowe alivipokea, akasema maganda matupu ni takataka, wafanye watakavyo.

Kisha wakajenga. Mwahija aliukataa udongo wa mtoni, akasema ni mzuri kwa mtungi lakini unapasuka kwa moto mkali. Alichukua udongo wa kichuguu. Akachanganya na mchanga, na pumba za mpunga, na vigae vya vyungu vya zamani vilivyotwangwa. Vigae vimekwisha kuonja moto, alisema, kwa hiyo havishtuki. Walichagua mahali pa wazi, mbali na paa la makuti na mbali na jiko. Wakachimba shimo la kufika magotini, wakalikandika kwa udongo ule, unene wa kiganja. Pembeni, karibu na chini, waliacha tundu la bomba la udongo la kupitisha upepo wa mivukuto.

"Sasa tunawasha?" Ismaili aliuliza.

"Sasa tunasubiri."

Wakasubiri. Hiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko zote kwa Ismaili. Tanuri na chungu kipya walichofinyanga kwa udongo ule vilikauka kivulini siku tano, kisha juani siku tano. Halafu Mwahija aliwasha humo moto mdogo wa vijiti, kila asubuhi kwa siku tatu, ukubwa wa moto wa kuchemshia uji. Ukuta ulitoa jasho, ukanuka kama mvua ya kwanza. Siku ya nne haukutoa jasho tena.

Siku hizo za kusubiri zilikuwa nzuri. Joto la tanuri lilifika mpaka mkekani, na Binti Tawakali alilisikia usoni, upande mmoja. Mwahija alileta nta ya nyuki wa msituni, akampa mama aikande. Mama alishangaa, kwa sababu alikwisha sema mikono yake haina heri. Lakini nta ilikuwa laini na ilinukia asali, na vidole vyake havikungoja ruhusa. Mwahija alifinyanga kiini cha udongo, cha kuacha uwazi ndani ya kengele, akamwongoza mama kukizungushia nta. Kengele ya nta ikazaliwa mkononi mwa mtu asiyeona, ndogo kama kikombe cha kahawa, na kipete juu cha kupitishia kamba. Somoe aliruhusiwa kuibusu. Halafu wakachomeka vijiti vyembamba vya chuma vya kukishikilia kiini, wakaifunika nta kwa udongo laini, tabaka juu ya tabaka, wakaacha tundu. Ilipokauka sawasawa wakaipasha moto mpaka nta yote ikatiririka nje. Ndani kukabaki uwazi wenye sura ya kengele na alama za vidole vya mama.

Siku ya kumimina ilikuwa asubuhi tulivu. Mwahija alimpeleka Somoe kwa jirani, akamwambia jirani asimwachie hata akilia. Alimwaga mchanga mkavu kuzunguka tanuri. Alimfunga Ismaili ngozi kavu ya ng'ombe miguuni mpaka magotini. Mitungi yote ya maji aliiweka mbali, ng'ambo ya nyumba, kwa ajili ya mtu akiungua tu. Akaangalia upepo unakotoka, akawasimamisha wote upande huo.

"Shaba hii ikiiva hutoa moshi mweupe," alisema. "Usiuvute. Mume wangu aliuvuta miaka mingi ndani ya kibanda kisicho na dirisha. Kila jioni alitetemeka kwa homa, na sisi tulidhani ni mashetani."

Binti Tawakali aliletewa mkeka wake, ukatandikwa mbali, upande wa upepo. Alikuwa na kiganja cha unga wa mtama, mkavu. Mwahija alimwambia unga autupe kwa upepo, nje ya mchanga, na maneno aseme yote anayotaka. Akasema.

Kazija alivukuta. Mkaa wa mti mgumu ulikuwa mweusi, ukawa mwekundu, ukawa rangi ya ganda la chungwa. Maganda yaliegemeana ndani ya chungu kama watu waliochoka. Kisha moja likainama. Jingine likainama. Yakalala. Kalibu nayo ilikuwa pembeni ya moto, inapashwa, kwa sababu Mwahija alitaka shaba iingie mahali palipokwisha kuwa moto na pakavu.

Ismaili alichungulia kwa pembe ya jicho. Ndani ya chungu hapakuwa na ganda hata moja. Palikuwa na kitu cha njano kinachong'aa, kinacheza taratibu, na wingu la asubuhi limo ndani yake.

Alisahau kazi. Aligeuza uso kuelekea mkekani.

"Mama," alisema. "Risasi zimekuwa maji."

Binti Tawakali aliinua mikono miwili, akaikinga mbele yake, kama mtu anayengoja mvua. Machozi yalimtoka, yakashuka mpaka kidevuni. Hakuyafuta.

"Mimina, mtani," Mwahija alisema kwa upole. Alikuwa hajawahi kusema na Ismaili kwa upole. "Mimina sasa, bila pupa, wala usisite katikati."

Ismaili akashika koleo, akamimina. Shaba iliingia bila kelele. Ilijaa mpaka juu, ikatulia, ikaanza kufifia. Hakuna kilichoruka.

Walingoja mpaka alasiri bila kuigusa. Ilipopoa kabisa Mwahija aliivunja kalibu kwa jiwe, akatoa kiini. Kengele ilikuwa nyeusi na ya kukwaruza. Ismaili akaisugua kwa mchanga na maji ya ndimu mpaka ikageuka njano. Ndani yake walitundika kipande cha shaba kilichobaki, kiwe ulimi.

"Sasa, mama," Mwahija alisema, "leta maji yako."

Kazija alileta kifuu kipya. Binti Tawakali aliinyunyizia kengele, akamnyunyizia na Somoe kichwani. Mtoto alicheka, kile kicheko cha puani. Kisha mama mwenyewe akamfunga kengele kwenye kifundo cha mguu, kwa kamba laini ya ukili.

Mtama ulivunwa. Shangazi wa Mingoyo akafika na mzigo wake kichwani. Alikaribishwa, akala, akapumzika. Alikuwa mwanamke mwema, na maneno yake alikuwa ameyapanga njiani. Alianza kusema kwamba hana ubaya na mtu, ila mtoto ni mtoto.

Binti Tawakali aliinua kidole.

"Subiri kidogo," alisema. "Sasa yuko kwenye mpapai. Anazunguka. Amesimama. Ameokota kitu. Sasa anakwenda kwenye muhogo."

Shangazi alinyanyuka akachungulia. Somoe alikuwa akiingia kwenye muhogo, na jani mkononi.

Kengele ililia kwa sauti ndogo, ikiwa mbali, njia ya kisimani. Shangazi alitaka kukimbia, lakini Kazija alimgusa mkono. Bibi alikuwa ameshageuza uso upande ule.

"Somoe," aliita, bila kupaza sana sauti. "Rudi, mwanangu."

Kengele ikanyamaza.

Halafu ikalia tena, na kila hatua ilizidi kuwa karibu.